Haraka za Kongwa

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilikuwa na desturi ya kupumzika Mpwapwa kabla ya kuingia Ugogo. Mbele yake kulikuwa na nyika iitwayo Marenga Makali, mwendo mrefu usio na maji ya kunywa. Kwingine wapagazi waliondoka alfajiri na kufika kambini kabla ya jua kuwa kali. Hapa walikaa. Walipika, wakala, wakajaza vibuyu, wakangoja jua lianze kupinda, ndipo wakajitwika mizigo mchana na kutembea hadi giza. Walilala porini bila maji, wakaamka usiku ungali mzito, wakafika kwenye visima vya upande wa pili jua lilipokuwa bado halijawachoma. Mwendo huo waliuita terekeza. Mgeni asiyejua njia angewakuta asubuhi ile wamejilaza chini ya miti, angesema watu hawa wanapoteza siku nzima. Kumbe asubuhi ile ya kujilaza ndiyo iliyowavusha.

Kongwa haiko mbali na njia ile ya zamani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilipeleka pale matrekta, matingatinga, wahandisi, makarani na mamilioni ya pauni ili ilime karanga, na kwa miaka minne shughuli zikawa nyingi mno. Mradi ulipofungwa, karanga zilizovunwa, kwa hesabu inayorudiwa hadi leo, hazikufikia hata uzito wa mbegu zilizonunuliwa. Wengi huusimulia kama kichekesho cha Wazungu wajinga. Mimi huona habari nyingine ndani yake. Waliokuwa Kongwa walikuwa watu hodari, wengi wao wakifanya kazi hadi kuugua. Kilichowashinda ni namna walivyotumia muda: waliubana pale ulipohitajika zaidi, wakaumwaga pale ulipoonekana kwa macho.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa upande wa washindi lakini jikoni mwake hali ilikuwa ngumu. Mafuta ya kupikia na siagi viligawiwa kwa kadi. Julai 1946 hata mkate, ambao haukuwahi kugawiwa kwa kadi wakati wa vita yenyewe, ukaingizwa kwenye mgao. Dola za kununulia vyakula Marekani zilikuwa haba. Katika hali hiyo Frank Samuel, mkurugenzi mtendaji wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, alipeleka serikalini wazo: Afrika Mashariki ina ardhi kubwa isiyolimwa, isafishwe kwa mashine, ipandwe karanga, na mama wa nyumbani wa Uingereza atapata mafuta yake.

Serikali ilituma watu watatu kwenda kutazama. Kiongozi wao alikuwa John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, na pamoja naye walikuwa David Martin na John Rosa. Walipewa wiki tisa za kupitia Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, na sehemu kubwa ya ardhi waliitazama kutoka ndani ya ndege. Ripoti yao ilikuwa tayari kabla mwaka 1946 haujaisha. Ilipendekeza mashamba 107, kila moja la ekari 30,000: mashamba 80 Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini, 10 Kenya. Jumla ekari 3,210,000. Gharama zingekuwa kama pauni milioni 24, na katika miaka michache tu zingetoka tani 600,000 za karanga kila mwaka.

Ukizisoma namba hizo unaona mara moja kwamba mwandishi wake alikuwa na kalamu, rula na karatasi nzuri. Shamba moja limenakiliwa mara 107. Shamba la majaribio halikuwepo. Wapo waliouliza kama haingefaa kulima kwanza ekari chache kwa msimu mmoja au miwili, waone udongo unasemaje na mvua inanyesha vipi. Jibu lilikuwa kwamba hakuna muda. Njaa ya mafuta haiwezi kungoja. Kumbukumbu za mvua za eneo la Kongwa zilikuwa chache mno, na za jirani zilichukuliwa kama zingetosha. Msimu mmoja wa kungoja ulionekana ni gharama kubwa kuliko pauni milioni 24.

Hapa nitoke nje ya Tanganyika kidogo, maana kuna jambo ambalo kila nikilikumbuka linaniudhi. Wakati ule ule, huko Kano, kaskazini mwa Nigeria, karanga zilikuwa zimerundikwa magunia juu ya magunia kama piramidi, zikingoja mabehewa. Zililimwa kwa jembe la mkono na wakulima wadogo wa Kihausa, kila mmoja na kijishamba chake. Wakulima walikuwa wamemaliza kazi yao. Reli ndiyo iliyoshindwa kuzibeba kwa sababu vichwa vya treni havikutosha. Na United Africa Company ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa karanga hizo, kwa hiyo habari hizi hazikuwa siri kwake. Kama haja ilikuwa mafuta ya haraka, njia fupi ilikuwa kupeleka vichwa vya treni Kano. Lakini kununua vichwa vya treni ni kazi isiyo na kishindo. Kusafisha ekari milioni tatu za pori kunapigiwa makofi bungeni.

Waziri wa Chakula alikuwa John Strachey, mwandishi na mjamaa mwenye ulimi mzuri, na mradi ukawekwa chini yake badala ya kuwa chini ya Wizara ya Makoloni. Kwa kuwa shirika la serikali la kuuendesha lilikuwa halijaundwa, United Africa Company iliombwa ianze kazi kama wakala. Waingereza zaidi ya 100,000, wengi wao askari waliotoka vitani, waliomba nafasi zipatazo 1,200 zilizotangazwa. Mwanzoni mwa 1947 kundi la kwanza lilifika Kongwa.

Lilifika na kalenda mkononi. Mwaka huo wa kwanza zilipaswa kusafishwa ekari 150,000.

Mzigo wa kwanza ulikwama bandarini. Bandari ya Dar es Salaam ya wakati ule ilikuwa ndogo, na meli kubwa zilipakuliwa kwa matishari. Shehena za mradi zilipoanza kumiminika, gati lilijaa, na vitu vilivyohitajika kesho vilikaa chini ya vitu vitakavyohitajika mwakani. Kutoka hapo ilikuwepo njia moja tu ya reli ya kati, na mto Kinyasungwe ulipofurika ukaikata reli hiyo, mradi mzima ukategemea barabara za vumbi na matope. Baadaye tawi la reli lilijengwa kutoka Msagali hadi Kongwa. Ukitazama kwenye ramani unajiuliza kwa nini halikuwa kazi ya kwanza. Jibu ni lile lile: reli haisafishi ekari hata moja, na ekari ndizo zilizokuwa zikiulizwa London.

Matrekta mapya hayakupatikana, kwa sababu viwanda vya dunia nzima vilikuwa na foleni ya wateja. Wakanunua makuukuu. Mengine yalitoka Canada, mengine ni mabaki ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, yaliyokuwa yamekaa kwenye mvua na chumvi ya bahari. Hata vifaru vya vita aina ya Sherman vilivyobaki bila kazi vilipelekwa kampuni ya Vickers, vikavuliwa mzinga na kugeuzwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Wazo lilikuwa zuri kulisimulia. Mashine zenyewe zilisumbua sana. Kufikia nusu ya pili ya mwaka 1947 karibu theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa yamelala, yakingoja spea ambazo hazikuwepo, na mafundi wa kuyatengeneza hawakutosha. Gereji kamili ilikuwa bado haijajengwa. Mtu yeyote aliyewahi kumiliki daladala anajua kwamba gari hununuliwa baada ya kumjua fundi. Kongwa fundi alikuja nyuma ya gari.

Halafu kulikuwa na pori lenyewe. Kutoka angani lilionekana ni vichaka vya kijani kibichi, laini kama zulia. Chini, vichaka vya Kongwa vilikuwa vimesukana kiasi cha mtu kushindwa kupenya bila panga, na sehemu kubwa ya mti ilikuwa chini ya ardhi. Tingatinga lilipopita juu, matawi yalilala, na mizizi ikabaki. Jembe la trekta lilipokuja nyuma, meno yake yalijipinda kwenye mizizi hiyo kama uma wa bati. Na mibuyu! Mbuyu hauanguki kwa kusukumwa. Mingine ilikuwa na nyuki ndani, na madereva waliumwa hadi kulazwa hospitalini. Mingine ilikuwa mahali pa matambiko ya Wagogo, na kuing'oa kulihitaji mazungumzo ambayo hayakuwemo katika ratiba.

Mafundi wa Kongwa, na hapa lazima wapewe sifa yao, hawakukaa bure. Waligundua kwamba ukifunga mnyororo mrefu na mzito kati ya matingatinga mawili, yakatembea sambamba, mnyororo unalaza kila kilicho katikati, huku tingatinga la tatu likisukuma kwa nyuma miti iliyokaidi. Mnyororo wa kawaida ulikatika. Kilichohitajika ni mnyororo wa nanga ya meli. Inasimuliwa kwamba agizo lilipofika London, karani mmoja aliona minyororo ya nanga ikiagizwa kwa ajili ya mahali palipo mamia ya kilomita kutoka baharini, akadhani ni mzaha, akalifuta. Hadi jambo lilipoeleweka na minyororo ikaja, muda mwingine ulikuwa umekwenda. Mtindo huo ulifanya kazi, na ungeweza kugunduliwa mwaka mzima kabla, na watu wachache wenye matingatinga matatu kwenye kipande cha majaribio, kabla ya mamia ya mashine kuja kujifunza kwa pamoja kwa gharama ya mamia ya mashine.

Mwaka 1947 ulipokwisha, zilikuwa tayari kupandwa ekari kama 7,500.

Hatujaigusa karanga yenyewe, nayo ndiyo iliyokuwa bosi wa kweli wa Kongwa bila yeyote kumpigia saluti. Karanga hutoa ua dogo la manjano karibu na ardhi. Ua likishachavuka na kunyauka, shina lake hutoa kikonyo chembamba kinachoinama na kujichimbia udongoni, na ni huko chini, gizani, ndiko ganda hujaa punje. Kwa hiyo karanga inataka udongo ambao kikonyo dhaifu kinaweza kuutoboa, na baada ya miezi mitatu minne, udongo huo huo uwe bado unalegea ili mmea ung'olewe na maganda yake yote. Mkulima wa karanga anaijua siku ya kung'oa kwa kuchimbua shina moja na kupasua ganda: kama ndani ya ganda kumeanza kuwa na weusi, wakati umefika. Akichelewa, vikonyo vinakatika na karanga inabaki ardhini.

Udongo mwingi wa Kongwa ni wa mfinyanzi uliochanganyika na mchanga mkali. Ukilowa unalimika. Mvua ikikatika na jua likapiga, unakuwa mgumu kama sakafu iliyosakafiwa, na ule mchanga ndani yake unasaga chuma kama msasa. Majembe yalilika kabla ya wakati wake. Wakati wa mavuno karanga zilikuwa zimefungwa ndani ya udongo mithili ya matofali. Hakuna mashine ya zama zile iliyoweza kuzitoa bila kuziacha nyingi nyuma. Haya yote yangejulikana kwa msimu mmoja, kwenye nusu ekari, kwa mtu mmoja mwenye daftari na kipimo cha mvua cha bei ndogo.

Au kwa kuwauliza Wagogo. Hao walikuwa wameishi pale kwa vizazi vingi, na maisha yao yote yalikuwa yamepangwa kulingana na mvua isiyotabirika. Walilima uwele na mtama, mazao yanayovumilia ukame. Walifuga ng'ombe, kwa sababu ng'ombe anaweza kuhamishwa kufuata majani, na shamba haliwezi. Waliwaweka ng'ombe wao kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili mvua ikikosa huku, huko wengine wapone. Njaa kubwa ya Mtunya iliyoanza mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa bado ndani ya kumbukumbu za watu wazima; waliokuwa watoto wakati ule ndio waliokuwa wakija kuomba kibarua Kongwa. Swali la kwa nini pori lile halikuwa na wakulima wengi lingepata jibu kwenye kikao kimoja cha wazee. Wenye ripoti waliliona pori tupu wakasema ni ardhi inayongoja. Hawakufikiria kwamba huenda wenyeji walishaijaribu.

Waafrika walioajiriwa walikuwa maelfu, wa Kongwa na wa kutoka mbali. Wengi walifundishwa kuendesha trekta kwa muda mfupi mno kisha wakakabidhiwa mashine zilizokwisha kuchoka, na mashine zilipoharibika lawama ikawaangukia wao. Bei ya chakula ilipanda katika maeneo yaliyozunguka mradi kwa sababu midomo mipya ilikuwa mingi, na mishahara haikupanda nayo. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, mgomo ukasambaa kwa kufuata reli ya kati, na wafanyakazi wa Kongwa nao wakaweka zana chini. Katika vitabu vya mradi siku hizo ziliandikwa kuwa ni siku zilizopotea. Kwa mtu anayelipwa ujira usiotosha unga wa wiki, nadhani zilikuwa miongoni mwa siku chache za mwaka ule zilizotumika kwa jambo lenye maana.

Mapema 1948 shirika jipya la serikali, Overseas Food Corporation, lilichukua mradi kutoka kwa kampuni. Mwenyekiti wake alikuwa Leslie Plummer, aliyetoka kwenye uongozi wa magazeti ya Express. Huko Kongwa kwenyewe, mkuu aliyepelekwa ni Meja Jenerali Desmond Harrison, mhandisi wa jeshi. Harrison alikuta hesabu zimevurugika, stoo hazijulikani zina nini, na maagizo yanapishana. Akajitumbukiza kwenye makaratasi ili aweke mambo sawa. Alifanya kazi kupita nguvu zake mpaka afya ikamwangusha, na mwaka 1949 akarudishwa Uingereza kwa matibabu. Sina sababu ya kumcheka. Huenda hapakuwa na mtu aliyejitesa zaidi yake kwa ajili ya karanga. Ila meza yake inaeleza jinsi mradi ulivyokuwa: mtu mwenye mamlaka ya kusema “tusimame kwanza” alikuwa amezikwa chini ya faili zilizozaliwa na kutosimama.

Tatizo la faili lilitokana na kipimo chenyewe. Mbunge aliposimama London kuuliza, aliuliza ekari. Waziri alipojibu, alijibu ekari. Basi taarifa kutoka Kongwa zilikuwa za ekari. Lakini ekari iliyolazwa miti si ekari iliyotolewa mizizi. Iliyotolewa mizizi si iliyolimwa. Iliyolimwa ikapandwa nje ya wakati wa mvua haitoi kitu. Kila hatua ilikuwa na mtu wake anayeweza kusema kwa unyofu kabisa kwamba amefanya kazi siku nzima. Leo ukiingia ofisi nyingi ukauliza jambo lako limefikia wapi, utaambiwa liko kwenye mchakato. Karani hasemi uongo. Kikao kimefanyika, barua imeandikwa, nakala imesambazwa, kamati imeundwa. Ukiuliza mwisho wa mchakato ni nini, hapo ndipo anapokutazama kama mtu asiye na adabu. Kongwa ilikuwa na mchakato wa ekari, na swali la karanga lilikuwa swali la utovu wa adabu.

Msimu wa 1948 na 1949 mvua zilikuwa mbaya. Zilipita siku nyingi kavu mimea ikiwa bado michanga. Alizeti ilipandwa kama zao la kuokoa jahazi, nayo haikufua dafu. Wakati huo shughuli zilikuwa zimefunguliwa pia Urambo, magharibi, ambako kulikuwa na mbung'o, na Nachingwea, kusini, ambako kila kitu, pamoja na bandari na reli, kilipaswa kujengwa kutoka mwanzo. Badala ya kujifunza mahali pamoja kisha kupanua, mradi ulipanua ili kufidia kile ambacho mahali pa kwanza palikataa kutoa.

Mahesabu ya kwanza ya shirika yalipowasilishwa mwaka 1949, wakaguzi walikataa kuyapitisha bila masharti, kwa sababu kumbukumbu hazikutosha kuthibitisha kilichotumika. Bunge liliwaka. Wakefield, yule yule aliyeongoza safari ya wiki tisa, alipoteza nafasi yake kwenye bodi. Plummer aliondoka baadaye. Malengo yalikatwa kutoka ekari milioni tatu na ushee hadi ekari laki sita, kisha yakakatwa tena. Alan Wood, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha habari cha shirika akajiuzulu, alichapisha mwaka 1950 kitabu alichokiita The Groundnut Affair, na sehemu kubwa ya visa tunavyosimulia leo, ukiwemo ule wa minyororo, vilienea kupitia kwa watu kama yeye waliokuwa ndani. Januari 1951 serikali ilitangaza kwamba mpango mkubwa umekwisha. Pauni zipatazo milioni 36 zilifutwa vitabuni. Huko Uingereza kutaja mradi wa karanga kukawa namna ya kusema fedha za umma zimetupwa.

Kilichofuata hakikutangazwa sana magazetini, nacho ndicho ambacho mtu anayependa kujua matumizi ya muda angepaswa kukisoma kwa makini. Mashamba machache yaliyobaki yaligeuzwa kuwa mahali pa majaribio, yaani jambo lililokataliwa mwaka 1946 kwa kukosa muda lilifanyika baada ya 1951, na lilichukua miaka michache tu. Mwaka 1955 kazi hiyo iliingia mikononi mwa Tanganyika Agricultural Corporation. Ilionekana kwamba Kongwa inafaa zaidi kwa ng'ombe, na ranchi ikaanzishwa pale. Urambo ikakubali tumbaku ya kukaushwa kwa mvuke, iliyolimwa na wakulima waliopewa mashamba ya wastani na kufundishwa zao hilo hatua kwa hatua. Hadi leo ukitaja Urambo kwa mtu wa biashara, atakujibu tumbaku.

Wakati huo huo Usukuma, bila tangazo lolote la kuomba maofisa 1,200, wakulima walikuwa wakipanua pamba. Walilima kwa jembe la mkono na la kukokotwa na ng'ombe, kila kaya ikiamua yenyewe ipande chakula kiasi gani kwanza na pamba kiasi gani baadaye. Muda wao mwingi wa mkutano waliutumia kwenye jambo moja lililowauma: mizani. Wanunuzi waliwapunja, na wakulima wakajipanga wasimamie upimaji wenyewe. Kutoka hapo vikazaliwa vyama vya ushirika, Paul Bomani akiwa kiongozi wao mashuhuri, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama hivyo ulioitwa Victoria Federation. Pamba ya Kanda ya Ziwa iliongezeka mara kadhaa ndani ya miaka kumi hivi, ikawa nguzo ya uchumi wa nchi iliyokuwa ikielekea uhuru. Sisemi kwamba kila mkulima mdogo ni mwerevu na kila mhandisi ni mpumbavu. Wakoloni nao walileta mbegu bora na dawa katika habari hiyo. Nasema tu kwamba Usukuma watu walishughulika na mizani kwa sababu mizani ndiyo ilikuwa ikiwakata mfuko, na walipoipata walirudi shambani.

Majengo ya Kongwa hayakukaa bure. Kuanzia 1964 Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika kambi pale: FRELIMO, SWAPO, ANC, ZAPU na MPLA wote walipita Kongwa kwa wakati wao. Nachingwea ikawa kituo kikuu cha mafunzo ya kijeshi cha FRELIMO ya Msumbiji. Baadhi ya vijana wa kambi ya Kongwa walingoja miaka mingi, wengine wakilalamika kwa haki kwamba wanangojeshwa mno, na Msumbiji ikapata uhuru mwaka 1975.

Kusini kulibaki pia bandari. Mtwara ilijengwa bandari ya kina kirefu ili karanga za Nachingwea zisafirishwe, na reli ikapitishwa porini kuunganisha mashamba na bahari. Bandari ilipokuwa tayari, mpango wenyewe ulishafutwa. Treni ziliendelea kutembea kwa miaka michache zikiwa na mzigo usiotosha kulipia gharama zake, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 njia ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Gati la Mtwara bado linafanya kazi, na mzigo wake mkubwa wa kilimo ni korosho za wakulima wadogo wa Newala, Masasi na Tandahimba.